Bei ya kwenda imebeba bei ya kurudi: jinsi kompyuta inavyonadi nafasi ya mizigo

Lori limeshusha ngano Kampala. Turubai limekunjwa, utingo anafagia bodi, na dereva amesimama pembeni na simu mbili mkononi. Kutoka Mombasa hadi hapo amekuja takriban kilomita 1,150, na mzigo ule ulikuwa na mwenyewe na bei yake ilijulikana tangu bandarini. Sasa anatafuta mzigo wa kurudi: chai, kahawa, chochote kinachoelekea pwani. Akikosa atarudi tupu, akichoma dizeli njia nzima bila mtu wa kumlipa.

Ila mlipaji yupo, naye ni mwenye ngano. Ukikaa na wenye malori wa ukanda huu, jambo la kwanza wanalokufundisha ni kwamba bei ya kwenda imebeba bei ya kurudi. Bandari ya Mombasa inapokea mzigo mwingi kuliko unaotoka, kwa hiyo malori mengi yanapanda bara yakiwa yamejaa na kushuka yakiwa mepesi. Asiye na uhakika wa mzigo wa kurudi anaitoza safari moja gharama ya safari mbili. Mama anayenunua unga Kampala analipia, ndani ya bei ya kilo moja, lori lililopita Eldoret halina kitu.

Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa na madalali. Dalali anajua nani ana mzigo na nani ana lori, na anaishi kwa kuwa wawili hao hawajuani. Sitaki kumtukana dalali. Wengi wao wanafanya kazi ya kweli, wanamjua dereva kwa jina na wanajua nani hulipa kwa wakati. Lakini dalali mmoja anaweza kushika kichwani malori thelathini, labda hamsini. Hawezi kuona malori elfu mbili kwa mara moja. Hapo ndipo minada ya mtandaoni ilipoingia, ikiendeshwa na algoriti, yaani mpangilio wa hesabu ambao kompyuta inaufuata hatua kwa hatua mpaka itoe jibu: mzigo huu apewe nani, kwa bei gani.

Hesabu yenyewe ilianzia baharini. Mwaka 1942 mchumi Mholanzi Tjalling Koopmans alikuwa Washington, akifanya kazi kwenye bodi iliyoratibu meli za mizigo za Marekani na Uingereza wakati wa vita. Meli zilivuka zikiwa zimejaa silaha na chakula, kisha zikabaki kwenye bandari ambazo hazikuwa na mzigo wa kutosha wa kuzirudisha. Koopmans aliona kwamba gharama ya kubeba mzigo haiishii kwenye mafuta na mishahara. Lazima uhesabu pia mzigo ule unaiacha meli wapi. Meli tupu kwenye bandari yenye njaa ya meli ni mali. Meli ileile kwenye bandari iliyofurika meli tupu ni mzigo kwa mwenyewe. Kwa hiyo kila bandari ina bei yake isiyoonekana kwenye karatasi yoyote, bei ya kuwa na meli tupu mahali pale. Wanahisabati wanaiita bei kivuli. Leonid Kantorovich wa Urusi ya Kisovieti alikuwa ameshafika kwenye hesabu ya aina hiyohiyo mwaka 1939, akianzia kwenye kiwanda cha mbao, bila wawili hao kujuana. Mwaka 1975 waligawana Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Ukielewa bei kivuli, umeelewa nusu ya kinachofanyika ndani ya programu za mizigo za leo. Chukua Lubumbashi, mji wa Kongo. Malori yanatoka Dar es Salaam na mafuta na bidhaa za dukani, yanapita Tunduma, yanakatiza Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Upande wa kule kuna shaba inayotakiwa kufika bandarini. Shaba ikiwa nyingi, lori lenye bodi la kuibeba, lililo tupu Lubumbashi, lina thamani. Kwa hiyo algoriti inaweza kutoa bei ya chini kwa safari ya Dar hadi Lubumbashi, kwa kuwa safari hiyo inalifikisha lori mahali linapohitajika. Safari nyingine yenye kilomita zilezile, inayomwacha dereva kwenye mji usio na mzigo, itapewa bei ya juu. Nimesikia watu wakilalamika kwamba hapo kuna wizi: kilomita ni zilezile, bei mbona mbili? Mara nyingi si wizi. Ni ile safari ya kurudi inajitokeza kwenye bei.

Sasa mnada wenyewe. Aliyefika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi anajua mnada unavyokwenda: fungu linawekwa mbele, watu wanapandishiana, wa juu anachukua. Mnada wa nafasi ya mizigo unakwenda kinyume. Mwenye mzigo ndiye mnunuzi, anachonunua ni nafasi ndani ya lori, na wenye malori wanashushiana. Wa chini anachukua.

Inaonekana rahisi mpaka ukae kwenye kiti cha mwenye lori. Tuseme watatu wanataka mzigo mmoja. Wa kwanza safari ile inamgharimu dola 900, pamoja na riziki yake. Wa pili inamgharimu 1,000, wa tatu 1,200. Kila mmoja anajua gharama yake tu. Kama mshindi analipwa kile alichotaja, yule wa 900 hatataja 900. Atajaribu kukisia wenzake. Akitaja 980 atashinda na kubaki na chenji. Akikisia vibaya akataja 1,050, mzigo unakwenda kwa lori la gharama kubwa zaidi, naye amepoteza kazi aliyostahili. Mnada wa namna hiyo unamlipa mwenye kubahatisha vizuri, si lazima mwenye lori la nafuu.

William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha njia nyingine mwaka 1961. Wa chini ashinde, lakini alipwe dau la anayemfuata. Hapo yule wa 900 akitaja 900 anashinda na analipwa 1,000. Akitaja 980 bado analipwa 1,000, hajaongeza hata senti. Akitaja 1,050 anaukosa mzigo. Kusema ukweli ndiko kunakomlipa. Vickrey alipewa Nobel Oktoba 1996 na akafariki siku tatu baada ya kutangazwa.

Kwa uzuri wake wote, mnada huo hauonekani sana kwenye mizigo, na sababu zake ni za kibinadamu. Mwenye mzigo akiona kuna mtu yuko tayari kwa 900, kisha akaambiwa alipe 1,000, roho inamuuma. Na mwenye lori naye, au mwenye mzigo, atajuaje kwamba lile dau la pili lilikuwepo kweli, halikupachikwa na mwendesha mnada? Minada mingi ya mizigo mtandaoni inabaki kwenye utaratibu wa kulipwa ulichotaja, na ile michezo ya kukisiana inaendelea.

Lakini tatizo kubwa kuliko la kukisiana ni lile la dereva wetu wa Kampala. Mnada unaonadi safari mojamoja haumpi nafasi ya kusema kitu anachokijua vizuri kuliko wote: nikipata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, bei yangu ni nyingine kabisa. Akiweka dau la chini kwenye safari ya kwenda akitumaini kushinda ya kurudi, kisha akaikosa ya kurudi, amekwisha. Ameahidi bei ya mwenye mizigo miwili akiwa na mmoja. Akijilinda kwa kuweka dau la juu kwenye zote, anakosa zote. Kwa vyovyote lori linarudi tupu.

Mwaka 1993 kitengo cha usafirishaji cha kampuni ya maduka ya Sears, Marekani, kilijaribu dawa ya ugonjwa huo. Wachumi, akiwemo John Ledyard wa chuo kikuu cha Caltech, walikitengenezea mnada ambamo mwenye malori aliruhusiwa kutaja bei moja kwa fungu zima la safari, yote au hakuna. Sears ndiyo iliyotangulia kununua huduma ya malori kwa njia hiyo, na mwaka huo iliokoa asilimia 13 ya ilichokuwa ikilipa kwa utaratibu wake wa zamani. Kilichowezekana ni wenye malori kupanga mizunguko yao na kusema bei yake bila woga.

Hebu tuifanye hesabu yenyewe, kwa namba za mfano tu. Safari ya kwanza ni Dar hadi Lubumbashi, ya pili ni Lubumbashi hadi Dar. Juma anataja dola 4,000 kwa ya kwanza peke yake. Neema anataja 2,400 kwa ya pili peke yake. Bakari anataja 5,800 kwa zote mbili, yote au hakuna. Ukijumlisha Juma na Neema unapata 6,400. Bakari anashinda, na mwenye mizigo ameokoa 600. Mpaka hapo hata karatasi ya kaunta inatosha.

Ongeza safari ya tatu tu: Lusaka hadi Dar. Neema anaitaja 2,500 peke yake. Anakuja Salma, mwenye malori yanayozungukia huko kusini, anataja 4,000 kwa safari ya pili na ya tatu kwa pamoja. Ukimpa Bakari fungu lake la 5,800, ile ya Lusaka utampa Neema kwa 2,500, jumla 8,300. Ukimpa Juma ya kwanza kwa 4,000 na Salma fungu lake la 4,000, jumla ni 8,000. Bakari ametoka. Hakubadilisha kitu. Dau lake ni lilelile lililoshinda dakika moja iliyopita, na limeangushwa na safari ambayo hata hakuiomba.

Ndiyo maana mnada wa mafungu hauwezi kuamuliwa kipande kwa kipande. Lazima utazame dau zote kwa pamoja. Na hapo namba zinakuwa za kutisha. Safari 10 zinaweza kufungwa mafungu 1,023 tofauti. Safari 20 zinafika mafungu 1,048,575. Safari 30 zinapita bilioni moja. Wanahisabati wameonyesha kwamba kutafuta mshindi hapa ni tatizo la aina ambayo hakuna anayejua njia ya haraka inayofanya kazi kwa kila hali, hata uwe na kompyuta ya ukubwa gani.

Basi kompyuta inafanyaje? Kwanza, wenye malori hawaweki dau kwa mafungu yote. Kila mmoja anataja yale machache yanayomfaa. Pili, kompyuta inajua kukata matawi. Inaanza na jibu lolote zuri kiasi, tuseme 8,300. Kisha inachukua uamuzi mmoja, kwa mfano "Bakari apewe", na kabla ya kuchunguza yote yanayofuata inajiuliza: tukilegeza masharti, tukaruhusu hata kumpa mtu nusu ya fungu, tawi hili linaweza kushuka hadi ngapi? Kama hata kwa upendeleo huo haliwezi kushinda jibu lililo mkononi, tawi zima linakatwa na maelfu ya michanganyiko iliyo ndani yake haiguswi. Kwa njia hii minada ya mamia ya safari inapata jibu bila kupitia kila mchanganyiko.

Mimi naona deni kubwa hapa ni la maelezo. Bakari atapiga simu aulize kwa nini ameshindwa wakati hakuna aliyetaja bei ya chini kuliko yake kwa safari zile mbili. Anastahili jibu, na jibu lipo: kwa mfano huu, angeshuka chini ya 5,500 angeshinda. Kompyuta inaweza kumtolea namba hiyo. Mwendesha mnada anayemwambia tu "mfumo umeamua" amemnyima kitu alichonacho.

Hayo ni ya mikataba mirefu, inayonadiwa mara moja kwa mwaka au zaidi. Kwa mzigo wa leo, unaotakiwa kuondoka kesho, kazi ni ya kuoanisha malori na mizigo, na hapa pia akili ya kawaida inadanganya. Tuchukue makadirio ya barabara ya Morogoro kutoka bandari ya Dar: Kibaha kilomita 40, Mlandizi 60, Chalinze 100. Kuna mzigo Kibaha na mwingine Chalinze. Lori moja tupu lipo Mlandizi, jingine bandarini. Ukifuata kanuni ya "lililo karibu zaidi lichukue", la Mlandizi linarudi Kibaha, kilomita 20, kisha la bandarini linabaki na Chalinze, kilomita 100. Jumla 120 tupu. Lipeleke la Mlandizi Chalinze, 40, na la bandarini Kibaha, 40. Jumla 80. Njia ya kupata jibu la namna hiyo kwa haraka, hata kwa maelfu ya malori, iliandikwa na Harold Kuhn mwaka 1955. Hii ndiyo sababu programu nyingine hazikupi mzigo papo hapo. Zinakusanya maombi kwa muda mfupi kwanza, ili ziwe na cha kupanga.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana. Lori Systems ilianzishwa Kenya mwaka 2016, ikaoanisha mizigo na malori kwa njia ya mtandao kwenye ukanda huu. Marekani, kampuni ya Convoy ya Seattle, iliyoanza 2015, ilithaminiwa dola bilioni 3.8 Aprili 2022. Oktoba 2023 ilifunga shughuli zake. Soko la mizigo la huko lilikuwa limeporomoka baada ya wimbi la korona, malori yakawa mengi kuliko mizigo, na wawekezaji wakafunga mifuko. Algoriti nzuri inapunguza kilomita tupu, lakini haitengenezi mzigo usiokuwepo.

Na kuna jambo haitalifanya mpaka iagizwe: kuuliza kama dau la chini linatosha gharama. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta Marekani waliandika kuhusu kitu kilichokuja kuitwa laana ya mshindi: kwenye mnada ambao hakuna anayejua thamani kamili, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekosea zaidi makadirio yake. Kwenye malori, mshindi wa dau la chini anaweza kuwa yule aliyesahau kuhesabu siku za mpakani, au tairi, au dereva wake kulala. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na skrini inaufanya mwepesi zaidi. Bei ikishakuwa ndogo kuliko gharama, tofauti lazima itoke mahali. Inatoka kwenye usingizi wa dereva, kwenye breki zisizobadilishwa, kwenye tani zilizozidi.

Ndiyo maana mimi naiona mizani ya barabarani kuwa sehemu ya mnada. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Pasipo kikomo hicho, dau la chini lingekuwa daima la mwenye kuzidisha uzito, na mwenye kufuata sheria angeshindwa kila siku na mtu anayebomoa barabara. Kila kanuni iliyowekwa nje ya kompyuta inabadilisha nani anashinda ndani yake. Ni hivyohivyo kwa malipo ya kusubiri. Yakitajwa pembeni, kiasi fulani kwa kila siku ya kukwama, mwenye lori anaweza kutaja bei halisi ya safari. Yasipotajwa, anabahatisha foleni, na mnada unampa kazi mwenye matumaini makubwa kuliko wote.

Ugumu zaidi upo kwenye alama. Programu nyingi haziangalii bei peke yake. Zinampa kila mwenye lori alama za uaminifu, na mwenye alama nzuri anaweza kushinda hata kama dau lake ni la juu kidogo. Nakubaliana na nia hiyo, kwa sababu mzigo uliofika una thamani kuliko mzigo wa bei poa uliopotea. Lakini alama inahesabu saa ya kufika, haijui kilichotokea njiani. Aliyelala kwa uzembe Mbeya na aliyezuiwa mpakani kwa sababu mtandao wa forodha uko chini wanaandikwa neno lilelile: amechelewa. Wiki ijayo wote wawili wataona mizigo michache zaidi kwenye simu zao, bila kuambiwa sababu.

Dereva mmoja niliyemkuta Tunduma alikuwa ametengeneza ushahidi wake mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka akapiga picha namba ya lori lake pamoja na foleni iliyo mbele, geti la mpaka likionekana kwa mbali. Alinionyesha picha za siku nne, kwenye ya mwisho geti limekuwa kubwa kidogo. Kisha akafungua programu iliyompa ule mzigo, akapitisha kidole juu na chini kutafuta mahali pa kuziweka. Hapakuwepo.